Barua ya wazi kwa wamiliki wa mabasi ya Nyanda za Juu Kusini: tuambieni basi litasimama wapi

KWA: Wamiliki na mameneja wa kampuni za mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Njombe, Songea, Mbeya na Tunduma

YAH: MAHALI NA MUDA WA KUSIMAMA ILI ABIRIA WAPATE CHOO, CHAKULA NA KUNYOOSHA MIGUU

Waheshimiwa,

Salaam, na poleni na majukumu. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Makambako, na ni abiria wenu wa miaka mingi. Nimepanda mabasi yenu tangu enzi za Ubungo, na sasa napandia Mbezi Luis, kwenye Kituo cha Magufuli kilichofunguliwa mwaka 2021. Nianze na yaliyo ya haki. Mabasi ya leo si yale tuliyokuwa tukipanda huku tumepakata magunia. Mikanda ipo, tiketi tunakata kwa simu, chaji ipo kwenye kiti, na mwendo umetulia tangu magari yalipofungwa vifaa vya kufuatilia mwendo. Kwa hayo, ahsanteni.

Naandika hadharani kwa sababu njia za faragha nimezipita zote. Nilianza na konda, akaniambia, "Mama, hiyo ni amri ya dereva." Dereva akasema ni amri ya ofisi. Ofisini nikaambiwa niandike barua. Nikaandika, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na baada ya hapo kimya. Nilipofuatilia, kijana wa kaunta aliniuliza kwa upole kabisa kama nimepotelewa na begi, maana malalamiko anayoyafahamu yeye ni ya mizigo. Kampuni hiyo sitaitaja. Nikiitaja, wengine wote mtapumua na kusema hayawahusu, wakati yanawahusu.

Shida yenyewe ni hii: mahali basi linaposimama panapangwa kwa makubaliano kati ya gari na hoteli, wakati panatakiwa kupangwa kwa kuiangalia barabara ilivyo na mwili wa binadamu ulivyo. Mengine yote yaliyomo katika barua hii yanatokana na hilo.

1. Tiketi haisemi lolote kuhusu vituo

Tiketi yenu inaandika jina langu, namba ya simu, namba ya kiti, saa ya kuripoti, saa ya kuondoka, kilo za mzigo ninazoruhusiwa, na onyo kwamba kampuni haitahusika na mzigo usioandikishwa. Wapi tutakula, saa ngapi, na kwa muda gani, hakuna hata neno. Abiria anakabidhi mwili wake kwa zaidi ya saa 12 bila kujua lini ataruhusiwa kusimama.

Nieleze kilichonikuta ili msione nalalamikia starehe. Nilikuwa namrudisha dada yangu mkubwa nyumbani kutoka kliniki Dar es Salaam. Ana kisukari na anatumia insulini, na insulini inataka ratiba: unachoma, kisha unakula. Nilimuuliza konda tutakula wapi, akajibu bila kusita, "Mikumi, mama." Tulipokaribia Mikumi nikamchoma. Basi likapita Mikumi kama halijaiona. Nikauliza tena, nikaambiwa dereva amebadilisha, tutakula mbele. Hiyo mbele ilikuja kuwa juu ya mlima, baada ya Kitonga. Kabla hatujafika huko dada yangu alishalowa jasho, mikono inatetemeka, maneno yanatoka ovyo. Mnaojua kisukari mnajua sukari inaposhuka hakuna muda wa kujadiliana. Kilichomwokoa ni ile soda mnayotugawia bure pamoja na biskuti, ambayo kwa bahati kijana wa kiti cha nyuma alikuwa hajaifungua. Kwa soda hiyo pia nawashukuru, lakini nisingependa uhai wa mgonjwa wangu utegemee kiu ya jirani.

Wapo na wengine. Mjamzito, mzee mwenye tezi dume, mtu anayetumia dawa za presha zinazomkojoza, mama mwenye mtoto aliyetoka kuachishwa nepi. Wote hawa wamejifunza dawa moja ya safari ya kusini, nayo ni kutokunywa maji tangu usiku wa kuamkia safari. Kwa miaka yangu ya wodini nawaambia kwamba hiyo ni njia nzuri sana ya kupata maambukizi ya njia ya mkojo. Shirika la Afya Duniani nalo lilitangaza mwaka 2007 matokeo ya utafiti uliohusu ndege, treni, mabasi na magari madogo: mtu anayekaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi, hatari ya damu kuganda kwenye mishipa yake huongezeka karibu mara mbili. Kwa mtu mzima mwenye afya bado ni hatari ndogo. Kwa mjamzito, au mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji anayerudi kwao Mbarali, si ndogo.

2. Dakika kumi hazitoshi, na hesabu ni rahisi

"Dakika kumi tu, abiria, dakika kumi!" Mnaijua sauti hiyo. Sasa tupige hesabu. Basi lina abiria kama 56, tuseme nusu ni wanawake, yaani 28. Hoteli ya njiani ina matundu mawili ya wanawake yanayofanya kazi; la tatu limefungwa kwa kufuli au limejaa ndoo. Kila mmoja akitumia dakika mbili tu, na mwenye mtoto mgongoni hatumii mbili, foleni hiyo inakwisha baada ya dakika 28. Hapo hatujanunua chakula, hatujanawa, na hatujazungumzia mabasi mengine mawili yaliyoingia nyuma yetu. Kwa hiyo mwanamke anachagua: choo au chakula. Wengi tunachagua choo, kisha tunapanda tukiwa na kifuko cha chipsi zilizopoa tulichochukua mbiombio bila kusubiri chenji, huku honi inalia.

3. Hoteli za mkataba

Kila msafiri wa njia hii anajua kwa nini basi linapita hoteli tatu zenye nafasi na kuingia ya nne. Dereva na wenzake wana meza yao, na kwenye meza ile bili haiji. Simchukii dereva kwa kula. Anabeba roho zetu, ale ashibe. Ninachokataa ni sahani yake kuwa ndiyo inayochagua kituo cha watu 56.

Matokeo yake tunayalipia sisi. Mle ndani ya uzio bei si ya mjini wala ya kijijini, ni ya mtu asiye na pa kwenda. Nje ya uzio akina mama wana mahindi ya kuchoma, ndizi, mayai ya kuchemsha, karanga, na mlinzi ana kazi ya kuwafukuza. Kwenye baadhi ya hoteli hizo nimekula vizuri, nikiri hivyo. Supu ya kuku wa kienyeji niliyowahi kuipata upande wa Ilula naikumbuka mpaka leo. Ila hoteli nzuri haihitaji kumhonga dereva ili abiria waipende.

4. Kuchimba dawa

Hapa nitasema waziwazi, kwa kuwa aibu imetunyamazisha vya kutosha. Basi linapaki kando ya lami ili watu wajisaidie vichakani, wanaume wanakwenda kushoto, wanawake wanakwenda kulia, yaani wanawake ndio wanaovuka barabara yenye malori ya Zambia na Kongo. Ukivuka unakuta nyasi fupi, au nyasi ndefu zenye nyoka, na pale ambapo mabasi yamezoea kusimama unakuta kazi ya waliokutangulia. Mabinti wanashikiana khanga kama pazia. Wazee wanabaki ndani ya gari kwa sababu ngazi ni ndefu na tuta la barabara lina mteremko. Binti aliye kwenye siku zake hana pa kubadilishia wala pa kutupia, hivyo anabaki na uchafu wake mpaka Mbeya.

Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa kutembea saa 24, hayo yote yanafanyika hata usiku wa manane kwa mwanga wa tochi ya simu. Nami niliifurahia ruhusa ile, maana inaokoa siku nzima ya kazi. Lakini ruhusa ya kutembea usiku ilitakiwa ije pamoja na mahali pa kusimama usiku, penye taa na maji na mtu wa kufungua mlango.

Wizara ya Afya imeendesha kwa miaka kadhaa kampeni ya Nyumba ni Choo. Mabwana afya wamepita vijijini nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu wajenge vyoo bora na waache kujisaidia vichakani. Wanavijiji wa kandokando ya barabara hii wamejenga. Kisha linakuja basi la viyoyozi kutoka mjini na kumwaga watu 50 kwenye kichaka chao.

5. Choo cha ndani ya basi

Baadhi yenu mnatangaza basi lenye choo. Mara nyingi kimefungwa, au kimekuwa stoo ya katoni za maji na vifurushi. Kama hakifanyi kazi, futeni tangazo.

Mahali pazuri pa kusimama ni wapi?

Nisije nikaambiwa nalalamika tu bila kupendekeza. Nimeitembea njia hii mchana na usiku, masika na kiangazi, na kwa maoni yangu basi la Mbeya linahitaji vituo vitatu tu vilivyopangwa vizuri.

Kutoka Mbezi hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Basi likiondoka saa 12 asubuhi, na foleni za Mlandizi na Chalinze zikiwa za kawaida, Morogoro linafika kwenye saa 3 na nusu. Msamvu, stendi ya Morogoro, ni kituo cha kwanza cha haki. Vyoo vipo na unalipia sarafu chache, na basi linaingia stendi hata hivyo kwa sababu kuna abiria wa kushuka na ushuru wa kulipa. Tatizo ni kwamba linaingia na kutoka huku konda amesimama mlangoni akisema hakuna kushuka. Tupeni robo saa.

Robo saa hiyo ni ya lazima kwa jambo ambalo mtu aliyekaa ofisini anaweza asilifikirie. Baada ya Morogoro inakuja Hifadhi ya Mikumi, na barabara inakatiza ndani yake kwa takriban kilomita 50. Humo haishukwi. Kuna matuta na vibao vya mwendo, tembo na twiga wanavuka wanapotaka, na anayegonga mnyama analipa faini. Abiria aliyenyimwa choo Msamvu anaanza kujinyonganyonga pale Doma penye nyanya, na dereva anabakiwa na njia mbili: asimame kichakani kabla ya kibao cha hifadhi, au ampitishe mtu mzima kilomita 50 amebana. Nimeona zote mbili. Ya pili ilimalizika vibaya kwa kijana wa watu aliyevaa suti.

Kituo cha pili ndicho cha chakula, na hapa ndipo uchaguzi unapohitaji akili zaidi. Mikumi mjini, pale njia panda ya Ifakara, panafaa: pana eneo la kupaki na watu wa hapo wamezoea wasafiri. Lakini kwa basi la asubuhi mimi ningechagua Ruaha Mbuyuni, linapofika kwenye saa 7 mchana. Pana joto, sikatai. Ila pana nafasi nje ya lami, pana mama lishe wa wali na maharage, na pana vitunguu vile vya kwenye nyavu nyekundu ambavyo abiria wa Dar wanavisubiri tangu wanapanda gari. Na sababu kubwa kuliko zote ni kinachofuata baada ya hapo.

Kinachofuata ni Kitonga. Mlima ule hauna adabu. Lori moja likikatika ekseli kwenye kona, pande zote mbili zinasimama, na mnaweza kukaa hapo nusu saa au kukaa mpaka giza liingie. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni korongo. Hata hiyo dawa hakuna pa kuichimba. Basi linaloacha kusimama Ruaha Mbuyuni ili likale juu ya mlima limewapandisha abiria kwenye sehemu ngumu kuliko zote za njia hii wakiwa na njaa na vibofu vimejaa, kwa matumaini kwamba leo hakuna lori lililoharibika. Mimi nasema watu wale na wajisaidie chini, kabla. Kwa basi linalorudi Dar ni kinyume chake: lisimame Ilula kabla ya kushuka, na wakati sisi tunakula, fundi azunguke gari aangalie breki na matairi. Kituo hiki kipewe dakika 40 kamili. Dakika 40 zinatosha pia kwa Muislamu kuswali Adhuhuri na Alasiri yake ya safari, jambo ambalo sasa hivi watu wanalifanya kwa kukimbizana na honi.

Iringa basi linapita chini ya mji, Igumbilo na Ipogolo, na wanaoshuka wanashuka. Hapahitaji kuwa kituo kirefu.

Cha tatu ni Mafinga au Makambako. Mimi ni mtu wa Makambako, kwa hiyo mtanishuku navutia kwangu, na hamtakosea sana. Lakini nina hoja. Hapa ndipo njia zinapoachana, wa Songea na Njombe wanakunja kushoto, wa Mbeya na Tunduma wanaendelea mbele; pana mzani ambao lazima mpite; na basi la saa 12 linafika hapa kwenye saa 11 na nusu jioni, likiwa limebakiza safari ya kama saa tatu kufika Mbeya. Abiria anayejua mapema kwamba atashuka Makambako jioni ya Juni au Julai ataweka koti mkononi. Asiyejua anashuka na fulana aliyopandia Kariakoo, anapigwa na baridi ya huku mpaka meno yanagongana, na mtoto mgongoni naye hivyo hivyo. Dakika 20 zinatosha: choo, chai ya moto, na viazi vya kukaanga kwa anayetaka. Basi la Songea liongezewe kingine Njombe mjini, kwa kuwa kutoka hapa lina karibu kilomita 300 nyingine.

Kusimama Igurusi kununua mchele ni jambo jema na mimi ni mteja, ila hiyo iwe nyongeza. Isije ikahesabiwa kuwa kituo.

Kila kituo kikaguliwe kwa macho ya abiria. Kwa gari linaloelekea kusini kiwe upande wa kushoto wa barabara, tusivuke lami. Kiwe na eneo la kupaki lisilomlazimisha dereva kurudi kinyumenyume barabarani. Matundu ya wanawake yawe mengi kuliko ya wanaume, kwa hesabu niliyoifanya hapo juu. Maji yatoke bombani, sabuni iwepo, na kwenye vyoo vya wanawake kuwe na chombo chenye kifuniko. Usiku taa ziwake. Mtu wa kiti cha magurudumu aweze kuingia. Kwa sasa sijaona hoteli hata moja ya njiani ambako anaweza.

Jingine ni la wenzetu wa barabara, TANROADS, nao wapate nakala. Mahali pekee ambapo kila basi linasimama, dereva atake asitake, ni kwenye mizani: Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako. Tunakaa kwenye foleni pale tukitazamana. Wekeni choo cha abiria pembeni ya kila mzani, kiwe wazi saa 24, watu walipie kama stendi. Sehemu kubwa ya kuchimba dawa ingekwisha bila basi kupoteza hata dakika moja ya ziada.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema ratiba inabana, na kwa kuwa mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, dakika zilizopotea hazirudi. Ni kweli hazirudi. Lakini tuangalie zinakopotelea. Tunasimama Kibaha kupakia katoni, Chalinze kushusha kifurushi, mbele tena kumsubiri mtu aliyepiga simu kwamba yuko njiani na bodaboda. Kisha mtoto analia haja, tunasimama. Kilomita 20 mbele mzee naye, tunasimama. Vituo vitatu nilivyovitaja ni dakika 75 kwa jumla. Pimeni muda mnaoutumia sasa kusimama ovyo, halafu mnionyeshe kwamba ni pungufu ya huo.

Tena kupumzika si kwa ajili yetu peke yetu. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2006 zinamtaka dereva wa basi au lori apumzike dakika 45 kila akiendesha kwa saa nne na nusu. Hapa kwetu basi la safari ndefu linakuwa na madereva wawili, jambo zuri, lakini nimeshuhudia wakibadilishana kiti kandokando ya barabara kwa haraka, mmoja bado anajifuta usingizi. Wabadilishane kituoni, baada ya kunawa uso na kunywa chai.

Mtasema abiria wenyewe ndio wanaopiga kelele "twende, twende." Wapo, hasa vijana wa viti vya nyuma. Wanapiga kelele kwa sababu hakuna anayejua tunaondoka saa ngapi, na kila mtu anahofia kulala njiani. Tiketi ikiandikwa "Ruaha Mbuyuni, dakika 40", mwenye haraka ataangalia saa yake na kunyamaza.

Mtasema vyoo ni kazi ya serikali. Nusu ya hilo ni kweli, na ndiyo maana halmashauri nimeziwekea nakala. Zinakusanya ushuru wa stendi kwa kila gari na zinatakiwa kuonyesha choo kinachotokana na ushuru huo. Nusu ya pili ni yenu. Vituo vya mafuta vimeota kila kona kuanzia Chalinze, vingi vina maji na taa. Ninyi mnanunua mafuta kwa maelfu ya lita. Mwenye kituo akiambiwa kwamba mabasi yenu yatajaza kwake kwa sharti la vyoo kumi visafi, atavijenga kabla ya mwezi kuisha.

Na wapo watakaosema anayetaka raha apande daraja la juu. Nauli ya daraja la juu napenda kuilipa siku nikiwa nayo. Lakini kibofu hakina daraja.

Ninachoomba

Kwanza, kila tiketi na kila tangazo la safari lionyeshe vituo vya kusimama, saa inayotarajiwa na muda wa kukaa. Kikibadilika kwa sababu ya foleni au ajali, konda atangaze mapema kwa kipaza sauti, maana kipo na tunakisikia kikipiga muziki.

Pili, muda wa chini uwe robo saa kwa kituo cha choo na dakika 40 kwa kituo cha chakula, na basi lisiondoke kabla ya kuhesabu watu.

Tatu, kampuni iwalipe madereva na wasaidizi wao posho ya chakula, na hoteli zipatikane kwa kukaguliwa na kushindanishwa kwa usafi na bei. Bei zibandikwe mlangoni. Akina mama wauzaji wapewe sehemu yao ndani ya eneo la kupaki, wasifukuzwe.

Nne, basi lenye choo liwe na choo kinachofunguka.

Tano, naielekeza kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Nauli za daraja la kawaida na la kati mnazipanga kwa kilomita, hadi senti. Kwa umakini huo huo, pangeni vituo vya kupumzika vya njia hii, mvikague, na mvitangaze kwa majina, ili abiria akinyimwa choo awe na kifungu cha kumsomea konda. Vifaa vya kufuatilia mwendo vilivyofungwa kwenye mabasi vinaonyesha gari liko wapi. Vitumike pia kuonyesha lilisimama wapi na kwa dakika ngapi.

Naomba majibu ya maandishi kabla ya Desemba, kwa sababu mwezi huo nusu ya Dar es Salaam inarudi Iringa, Njombe, Mbeya na Songea kwa sikukuu, na mabasi ya ziada yataingizwa barabarani yakiwa na madereva wasioijua njia. Majibu yabandikwe kwenye madirisha ya kukatia tiketi, yasomwe na kila mtu. Kama yupo meneja anayeona nimetia chumvi, niko tayari kupanda naye basi la saa 12 kutoka Mbezi siku atakayoitaja, nauli yangu nitalipa mwenyewe, tukavikague vituo hivyo kimoja baada ya kingine. Nitamwomba jambo moja tu: asubuhi hiyo anywe maji kama kawaida yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu na abiria,
Makambako, Njombe.

Nakala kwa:
Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA)
Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS)
Wizara ya Afya
Wakurugenzi wa halmashauri zilizo kandokando ya barabara kuu ya Morogoro, Iringa, Njombe na Mbeya
Abiria wote wa kusini